Oksimita inasoma 99, kapnografu imechora mstari bapa: niamini ipi?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni muuguzi wa usingizi, huu ni mwaka wangu wa 6 kazini. Juzi nilimwekea mgonjwa mtu mzima mrija wa kupumulia kabla ya upasuaji wa tumbo. Koromeo sikuliona vizuri, ila mrija uliingia. Kifua kilipanda, nilisikiliza pande zote mbili nikasikia hewa, ukungu ulionekana ndani ya mrija, na oksimita ya kidoleni, inayopima oksijeni ya damu, ilisoma 99. Kapnografu peke yake, inayopima kabonidayoksaidi kwenye pumzi, ndiyo iliyochora mstari bapa. Mkubwa wangu akasema kifaa kimeharibika, tuendelee. Baada ya dakika kama 4 oksijeni ikaanza kuporomoka. Nikachomoa mrija, nikampumulisha kwa barakoa, akarudi vizuri. Ningejuaje mapema? Je, mirija ya mapafu ikibana sana haiwezi kuulaza mchoro? Na laringoskopi ya video, ile ya kuangalizia koromeo kwenye skrini, ingenisaidia?

Jibu: Marahaba. Pole kwa hofu uliyopitia, na hongera kwa kuchomoa. Uamuzi ulikuwa sahihi. Ulichelewa tu dakika 3 na ushee, na waliokuchelewesha ni 99 ya oksimita pamoja na kauli ya mkubwa wako.

Tuanze na hiyo 99. Mtu mzima akishatoa pumzi ya kawaida, mapafuni mwake hubaki takriban lita 2.5 za hewa. Mwili uliolala unatumia oksijeni kama mililita 250 kwa dakika. Kama alikuwa anavuta hewa ya kawaida, oksijeni iliyo kwenye ghala hilo haifiki nusu lita, na itaisha upesi. Lakini wewe, kama ulivyofundishwa, ulimvutisha oksijeni safi kwa dakika kadhaa kabla ya kumlaza, kwa hiyo ghala likajaa oksijeni karibu tupu. Mtu mzima mwenye afya aliyeandaliwa hivyo anaweza kukaa takriban dakika 8 bila pumzi hata moja kabla oksimita haijashuka hadi 90. Mwenye unene uliokithiri hafikishi dakika 3.

Sasa uone mtego ulipo. Kadiri unavyomwandaa mgonjwa vizuri, ndivyo oksimita itakavyozidi kuusifia mrija ulioingia kwenye umio, yaani njia ya chakula, badala ya njia ya hewa. Inasoma akiba uliyoweka kabla ya mrija kuingia. Juu ya mrija wenyewe bado haijui lolote. Ongeza kwamba kidole huchelewa kupata habari za mapafuni kwa nusu dakika au zaidi, hasa mgonjwa akiwa na baridi au presha iko chini. Na ongeza kwamba utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha oksimita huficha upungufu wa oksijeni mara karibu tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Siitupi oksimita hata kidogo, inaokoa watu kila siku. Ila swali la mrija uko wapi si lake.

Sauti za kifuani nazo zinadanganya, kwa kuwa hewa inayoingia tumboni husikika hadi kwapani. Ukungu hutokea hata mrija ukiwa umioni. Kifua kupanda? Nimewahi kukiona kikipanda kwa mgonjwa ambaye tumbo ndilo lililokuwa likijaa, na tulikuwa wanne tukikitazama.

Kabonidayoksaidi haina akiba ya kukudanganya kwa muda mrefu. Inatengenezwa na mwili, inaletwa na damu hadi mapafuni, inatoka na pumzi. Ikionekana pumzi baada ya pumzi, mrija uko mahali pake. Nasema pumzi baada ya pumzi kwa makusudi. Ukimpumulisha mtu kwa barakoa, hewa aliyoitoa inaweza kusukumwa tumboni, na soda aliyokunywa hutoa gesi hiyohiyo. Mrija wa umioni unaweza kukuchorea vilima vitatu vinne vinavyozidi kufifia. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa PUMA wa mwaka 2022 unadai mchoro upande akitoa pumzi na kushuka akivuta, kilele kipite msingi kwa zaidi ya 7.5 mmHg, urefu wake usipungue kwa pumzi zisizopungua 7, na kipimo kiendane na hali ya mgonjwa. Visipotimia vyote, hatua ya kawaida ni kuchomoa na kupumulisha kwa barakoa au kwa kifaa cha juu ya koromeo. Ni pale tu kuchomoa kunapoonekana hatari zaidi ndipo unapobaki na mrija, nawe uuhakiki mara moja kwa njia nyingine: kuangalia upya kwa laringoskopi, kamera nyembamba ndani ya mrija, au ultrasaundi.

Kuhusu mirija ya mapafu kubana: ikibana, kwa kawaida mchoro hubadilika umbo, ukapanda kwa mteremko kama pezi la papa. Mstari bapa kabisa kwa sababu hiyo ni nadra mno. Moyo uliosimama nao si udhuru, kwa kuwa ukikandamiza kifua vizuri mchoro mdogo utauona. Uchunguzi wa NAP4 wa Uingereza, uliotolewa mwaka 2011, ulikuta kwamba kati ya matukio ya njia ya hewa yaliyoua au kuacha madhara ya kudumu ya ubongo katika vyumba vya wagonjwa mahututi, asilimia 74 yalichangiwa na kutotumia kapnografi. Na pale ilipokuwepo, wapo waliousoma vibaya mstari bapa wakadhani ni moyo tu uliosimama.

Sasa hoja ya mkubwa wako, kwamba kifaa kimeharibika. Inajibiwa kabla haijasemwa. Unganisha kapnografu kwenye barakoa wakati mgonjwa bado yuko macho anavuta oksijeni, na usitoe dawa kabla hujaona vilima. Kifaa kilichochora vizuri dakika moja iliyopita hakiharibiki ghafla mrija unapoingia. Hakikisha tu kamrija ka kuchukulia sampuli hakajachomoka wala kujikunja. Hilo ni jicho la sekunde 5. Halafu mwambie mkubwa, kwa heshima, kabla ya kuanza: “Mchoro usipoonekana, nitachomoa, tumekubaliana?” Kukubaliana mgonjwa akiwa macho ni rahisi kuliko kubishana akiwa amelala.

Laringoskopi ya video ingesaidia, ndiyo. Katika jaribio la DEVICE la mwaka 2023, kwa watu wazima mahututi 1,417, waliowekewa mrija kwa jaribio la kwanza walikuwa asilimia 85.1 kwa video na 70.8 kwa laringoskopi ya kawaida. Mimi nathamini zaidi jambo lingine: skrini inaonwa na wote, kwa hiyo hata msaidizi anaweza kusema mrija umepita pembeni. Jaribio la PREOXI la mwaka 2024 nalo lilionyesha kwamba kuandaa wagonjwa mahututi kwa mashine ya kupumulisha yenye barakoa kulipunguza kuporomoka kwa oksijeni kutoka asilimia 18.5 hadi 9.1. Fanyeni hivyo mkiweza, mkijua kwamba mnaongeza pia dakika ambazo oksimita itakaa kimya. Na kama pesa inatosha kifaa kimoja tu, nunueni kapnografu kwanza, halafu video.