Ukianza kusoma nyaraka za John Mitchell

Wanafunzi wengi wa historia ya vyama vya wafanyakazi wakizifikia nyaraka za John Mitchell hukimbilia barua zake na Rais Theodore Roosevelt. Zisome, lakini usianze nazo.

Mitchell aliongoza chama cha wachimbaji makaa ya mawe cha Marekani, UMWA, kuanzia 1898 hadi 1908. Nyaraka zake zimehifadhiwa Catholic University of America, Washington. Aliwaandikia watu wasiopatana kabisa: viongozi wa matawi, wanasiasa, wenye mitaji. Basi chagua wiki moja, panga barua zake kwa tarehe, kisha weka sambamba zinazogusa jambo lilelile. Angalia anachomwambia huyu na asichomwambia yule.

Mimi huwaelekeza wageni kwenye Julai 1902. Wachimbaji wapatao 140,000 wa makaa magumu wa jimbo la Pennsylvania walikuwa kwenye mgomo tangu Mei. Mkutano maalumu ukaitishwa Indianapolis kuamua kama wachimbaji wa makaa laini nao wagome kuwaunga mkono. Mitchell alikataa, kwa sababu hao walikuwa na mikataba, na chama kikivunja mkataba leo, kesho nani atasaini nacho? Wajumbe wakamkubalia, wakaamua kuchanga fedha. Kwenye barua uamuzi huo unaonekana mwepesi. Tafuta kumbukumbu za mkutano uone waliofika wakitaka mgomo wa wote.

Andika daima barua ilitoka wapi. Makao makuu yalikuwa Indianapolis, ilhali mgomo wenyewe aliuongoza akiwa Wilkes-Barre. Usipoona jibu kwenye jalada, usiseme alinyamaza. Huenda katibu na mweka hazina wa chama, William B. Wilson, ndiye aliyejibu.

Halafu, tafadhali, soma ushahidi uliotolewa mbele ya tume aliyoiunda Roosevelt kuamua mgogoro huo: mashahidi 558, kurasa zaidi ya 10,000. Ni nyingi, najua, lakini humo wanazungumza wachimbaji wenyewe na watoto waliochambua mawe kwenye makaa. Katika barua za viongozi watu hao ni idadi tu, ingawa Mitchell mwenyewe aliingia mgodini akiwa na miaka 12.

Machi 1903 tume iliwapa wachimbaji nyongeza ya mshahara ya 10% na kazi ya saa 9 kwa siku badala ya 10, bila kuwalazimisha wenye migodi kukitambua chama. Kabla hujauita ushindi, linganisha Mitchell alivyowaeleza wachimbaji na alivyowaeleza wakubwa.