Dira Kwanza, Skrini Baadaye

SWALI: Kikosi chetu sasa kinaongozwa njia na programu ya akili mnemba. Kuna haja gani ya kuendelea kuwafundisha askari ramani na dira?

JIBU: Ipo, tena kubwa. Mawimbi ya setilaiti, ambayo programu hiyo huyategemea, hufika ardhini yakiwa dhaifu mno, na adui huyavuruga kwa urahisi. Kila zoezi, askari atafute alipo kwanza, ndipo skrini iwashwe. Apime kwa dira pembe za uelekeo, kuanzia kaskazini, za vilele vitatu vilivyomo kwenye ramani, arekebishe tofauti ya kaskazini ya dira na ya ramani, ageuze kila pembe kwa digrii 180, kisha achore mistari kwenye ramani kutoka kila kilele: inapokutana ndipo alipo. Isipokutana, kagua kwanza kama bunduki ilikuwa karibu na dira: chuma huivuta sindano. Kosa la digrii 1 humpotosha kama mita 17 kila kilomita.