Mtandao wa mkoa unamsemea nani? Barua zenu na majibu yangu

Mwezi uliopita niliwaomba viongozi wa asasi za kiraia waniandikie kinachowakera, au kinachowachanganya, kuhusu mitandao ya AZAKI, yaani miungano ya asasi hizo, katika mikoa yao. Nilitegemea barua tano. Zimekuja nyingi, na nusu yake zina hasira. Niliwahi kuwa mratibu wa mtandao wa namna hiyo kwa miaka kadhaa, kwa hiyo sehemu ya hasira hizo ni halali yangu kuipokea. Walioandika malalamiko nimewafichia mikoa yao.

Tunalipa ada kila mwaka na risiti tunapewa. Zaidi ya risiti sioni tunachopata. Kazi hasa ya mtandao wa mkoa ni nini?
*Mweka hazina, shirika la vijana*

Ni kuwabeba na kuwasemea. Mitandao si jambo geni kwetu: kitaifa TANGO ipo tangu 1988, na mikoani kuna kama UNGO ya Morogoro, ANGONET ya Arusha na NGONEDO ya Dodoma. Kuwasemea ndiko kunakopigwa picha. Kuwabeba hakuonekani, na hapo ndipo nitakushauri udai haki ya ada yako.

Chukua ripoti tu. Shirika la watu wanne huko wilayani halina mhasibu, lakini sheria haiulizi mko wangapi. Kila mwaka Msajili wa NGOs anataka taarifa ya kazi na hesabu zilizokaguliwa. Kanuni za 2018 zikaongeza kwamba mkataba wa fedha unaozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Marekebisho ya 2019 yakakipa cheti cha usajili ukomo wa miaka 10. (Mliokitia fremu na kukitundika ukutani, hebu kishusheni msome tarehe.) Mtandao wenye mtu mmoja anayeyajua haya, anayeweza kukaa na katibu wenu saa mbili mbele ya kompyuta mpaka ripoti iingie kwenye mfumo, umeshalipa ada yenu. Kama hayupo, ulizeni kwenye mkutano mkuu kwa nini hayupo. Msisubiri semina.

Mtandao wetu una magari mawili na ofisi yenye kiyoyozi. Sisi wanachama tuna pikipiki moja, nayo ni mbovu. Tangazo la ruzuku likitoka, mtandao unaomba wenyewe, unashinda, kisha unatuita kwenye "utambulisho wa mradi" tukapige makofi. Hii ni haki?
*Katibu wa shirika, Kanda ya Ziwa*

Si haki. Ila ina chanzo, na msipokijua mtamwondoa mratibu huyu na atakayekuja atafanya yale yale.

Mfadhili mkubwa hapendi mikataba 15 midogo. Anataka mkataba mmoja, na mtu mwenye hesabu zilizokaguliwa za miaka kadhaa, mwenye sera ya manunuzi, mwenye mhasibu anayejibu barua pepe siku hiyo hiyo. Huenda mkoani kwenu mwenye hivyo vyote ni mtandao peke yake. Basi fedha zinaingia kwake. Wanaajiriwa mhasibu, afisa ufuatiliaji na dereva. Mradi ukikaribia kufungwa, watu hao wana watoto shuleni na kodi za nyumba, na mratibu anaanza kusaka mradi mwingine, wowote ule, ili asiwarudishe nyumbani. Hakuna aliyekaa chini akapanga kuwanyang'anya wanachama riziki. Mtandao umegeuka taratibu kuwa NGO nyingine, kubwa kuliko zenu zote, na ninyi mnaendelea kuuita wenu.

Nakiri langu. Mwaka mmoja tangazo la ruzuku lilinifikia likiwa na wiki tatu. Niliwatumia wanachama zikiwa zimebaki siku nne, andiko letu likiwa limeshakamilika. Walipouliza nikasema nilipitiwa. Sikupitiwa.

Kwa hiyo msitegemee uungwana wa mratibu. Andikeni kwenye katiba ya mtandao, narudia, katiba, si "mwongozo" unaolala kabatini, kwamba mtandao hautekelezi mradi mahali ambapo kuna mwanachama anayefanya kazi hiyo. Ukipata fedha za namna hiyo, unazipitisha kwa wanachama kama ruzuku ndogo kwa ushindani wa wazi, na unabaki na fungu la usimamizi ambalo kila mtu analijua ni kiasi gani. Matangazo yote yaingie kwenye kundi la WhatsApp siku yanapofika. Mjumbe wa bodi ambaye shirika lake limeomba ruzuku atoke chumbani wakati wa uamuzi. Atoke kweli, asihamie kiti cha nyuma na simu.

Mkishinda hoja hiyo, mjue zamu yenu imefika. Mtakapopewa ruzuku ndogo mtadaiwa hesabu zilizokaguliwa, na wengi walioniandikia wakilalamika hawajawahi kukaguliwa hata mara moja. Mwambieni mratibu awatafutie mkaguzi mmoja aliyesajiliwa NBAA (bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu), akague mashirika sita kwa safari moja. Bei hushuka mkienda kwa pamoja.

NaCoNGO, baraza la taifa la NGO, ina viongozi mpaka wilayani. Mtandao wa mkoa wa nini tena?
*Mwenyekiti wa bodi, Nyanda za Juu Kusini*

Baraza hilo limezaliwa na Sheria ya NGO Namba 24 ya 2002. Limekusudiwa kuzikutanisha NGO zote zilizosajiliwa, na kanuni za maadili ni kazi yake. Mtandao unaingia kwa hiari na unatoka kwa hiari. Ukichoshwa nao, unaacha kulipa ada, na hiyo ni silaha ambayo huwezi kuitumia kwa chombo cha kisheria. Mimi ningebaki na vyote viwili. Shida ninayoiona ni watu wale wale watano kushika uongozi huku na huku, kisha kujiandikia barua, wao kwa wao, za "ushirikiano baina ya taasisi".

Sisi ni akina mama 12, tunafuga kuku na tunaweka hisa kila Jumamosi. Tumeambiwa tukisajili NGO tutapata mkopo wa halmashauri.
*Katibu wa kikundi*

Aliyewaambia amewapoteza, mama zangu, na kama aliomba hela ya "kufuatilia usajili" msimpe. Mkopo ule ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba. Ulisimamishwa Aprili 2023, ukarejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Unatolewa kwa vikundi, na mlango wake ni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. NGO kwa sheria haigawani faida. Ninyi mwisho wa mzunguko mnavunja kibubu na kugawana, na mna haki kabisa. Bakini kikundi.

Tulipeleka hoja ya zahanati tatu zisizo na maji mwezi Mei, kwa barua nzuri yenye muhuri wa mtandao. Tukajibiwa kwamba bajeti imeshapita. Je, tulipuuzwa?
*Mratibu wa mtandao wa wilaya*

Mlichelewa. Naona kosa hili kila mwaka, hata kwa mitandao yenye "afisa utetezi na ushawishi" wa kuajiriwa.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili. Mwezi Mei makabrasha yameshachapwa, na mkurugenzi hana tena penseli ya kuongezea kitu. Safari ya bajeti huanzia chini: vipaumbele vya kijiji na mtaa, kamati ya maendeleo ya kata, timu ya wataalamu wa halmashauri, baraza la madiwani, kisha Kamati ya Ushauri ya Mkoa, ile RCC. Hoja ya maji inayotaka kusikika inatakiwa iwe mezani kwa kamati ya kata kabla ya Krismasi. Na ipelekwe na mwanachama wenu anayeishi hapo, ambaye diwani anamfahamu kwa jina na atakutana naye tena msibani au sokoni. Mtandao wa wilaya uje nyuma yake na takwimu: zahanati zipi, wajawazito wanachota wapi, bomba limefika umbali gani.

RCC wajumbe wake wametajwa na sheria, sisi tukiingia tunaingia kama waalikwa. Ukialikwa, nenda. Lakini ukitegemea dakika tano za mwalikwa kubadilisha kilichoamuliwa katani miezi kadhaa nyuma, utarudi na posho na kitabu cha kumbukumbu tu.

Unayoyaandika kuhusu Msajili yanatuhusu sisi wa Pemba?
*Msomaji, Chake Chake*

Hapana. Sheria ya 2002 ni ya Tanzania Bara, Zanzibar mna sheria yenu na mrajis wenu. Anzeni na PACSO hapo hapo Pemba, au ANGOZA kwa upande wa Unguja. Yale ya ruzuku na ya uwakilishi, hayo yanawahusu sawasawa.

Mfadhili wetu aliondoka na fedha za Marekani mwaka 2025. Mtandao umebaki na mlinzi na madeni. Tuufunge?
*Mjumbe wa bodi*

Fedha zile zilisimamishwa kwa amri ya Rais wa Marekani ya tarehe 20 Januari 2025, na ilipofika Julai mosi USAID, shirika la misaada la nchi hiyo, ilikuwa imeacha kutoa misaada. Mlioguswa ni wengi, msione aibu.

Fungeni ofisi, msifunge mtandao. Piga hesabu: wanachama 60 wakilipa 50,000 kila mmoja, ni milioni 3 kwa mwaka, yaani 250,000 kwa mwezi. Haimlipi mratibu na wala haiwashi kiyoyozi. Inatosha bando, nauli ya katibu kwenda vikao, na chai ya mkutano mkuu. Ombeni chumba kwa mwanachama mwenye nafasi, katibu awe wa kupokezana mwaka kwa mwaka. Ada nazo zipangwe kwa uwezo: asasi ya kijijini isilipe sawa na shirika lenye magari. Mtagundua kitu kingine pia: kati ya wale 60 wa kwenye karatasi, wanaolipa ni wachache. Kwangu waliokuja mkutano mkuu wa kwanza bila posho walikuwa 19. Nilisononeka wiki nzima, halafu nikaona kwamba hao 19 ndio mtandao, na kazi ikawa nyepesi.

Tulikwenda kumwona kiongozi mmoja wa serikali kuhusu wafugaji kuhamishwa. Akatuuliza, "Ninyi mnamwakilisha nani?" Tukajibu "jamii". Akacheka. Tungejibu nini?
*Afisa programu*

Swali lake lilikuwa zuri, hata kama alilitoa kwa kejeli. Jamii haikuwatuma, kwa sababu jamii haifanyi kikao. Waliowatuma ni mashirika fulani, yaliyokaa mahali fulani, tarehe fulani. Safari ijayo nendeni na muhtasari wa kikao hicho: mashirika 14 yalihudhuria, haya hapa majina, 11 yalikubali hoja hii, matatu yalipinga kwa sababu hizi. Msiyafiche yale matatu. Huenda mojawapo linafanya kazi na wakulima wa bonde lile lile, na mnayekwenda kumwona ameshawasikiliza kabla yenu. Na mchukueni mfugaji mmoja mwende naye. Nauli yake itoke kwenye ada.