Taa yako inatutia kiwi: maswali ya wasomaji kuhusu taa za baiskeli usiku

Mwezi huu safu nzima nimeiachia taa. Jua likishazama huku kwetu giza halisubiri, dakika 20 na kitu tu huoni kitu, na wengi mnaoniandikia ndo saa hiyo mnatoka kazini. Barua zenu zinafanana: nusu wanauliza wapate wapi taa kali zaidi, nusu wanalalamika wametiwa kiwi na wenye taa kali. Naanza na huyu ambaye amekutana na mambo yote mawili.

SWALI
Habari fundi. Natoka kiwandani saa mbili usiku na nusu ya njia yangu haina taa za barabarani, ina mashimo na ng'ombe wanalala mle mle. Nikaagiza taa imeandikwa lumeni 10,000, na kweli inawaka balaa, ina betri moja ya kuchomoa inadumu kama masaa mawili na nusu. Tatizo kila siku natukanwa njiani. Juzi mzee mmoja wa baiskeli aliingia kwenye majani akashuka kabisa, nikasimama kumwomba radhi akaniambia kijana mimi hapa sioni chochote. Iliniuma sana. Sasa nikipunguza mwanga si nitaingia shimoni mimi? (Msomaji, Mwanza)

JIBU
Ndugu yangu, umefanya vizuri kusimama, wengi wanapita tu. Na nikutoe wasiwasi, wala huhitaji kubaki gizani ili wenzako waone. Tatizo kubwa la taa yako sio ukali, ni inaangalia wapi. Mwanga unaopita juu ya kiuno cha mtu haukusaidii kitu, shimo liko chini, ng'ombe kalala chini, mwanga wa juu unaishia kwenye macho ya watu na kwenye vumbi ambalo linakurudishia mwanga machoni mwako mwenyewe.

Fanya hivi leo kabla hujatoka. Simamisha baiskeli mbele ya ukuta, taa iwe mita 5 kutoka ukutani, mtu akushikilie au ukae mwenyewe juu yake. Pima taa iko juu kiasi gani kutoka chini, kwa baiskeli nyingi ni kama mita 1. Sasa inamisha mpaka ile sehemu kali kabisa ya katikati igonge ukuta kwenye nusu ya hapo, yani sentimita 50. Ukiondoa ukuta, mwanga ule utagusa ardhi mita 10 mbele yako. Kaza skrubu. Alafu mpe mwenzako baiskeli, wewe nenda mbali kama hatua 30 uje ukitembea kuelekea taa, kama inakuchoma macho inamisha tena kidogo.

Utaniuliza mita 10 zinatosha? Inategemea mwendo. Ukienda kilomita 15 kwa saa, kuanzia kuliona shimo mpaka kusimama unakula kama mita 9, na nyingi ya hizo zinaisha kabla hata mkono haujabana breki. Kwa kilomita 25 zinafika kama mita 16, na kwenye changarawe ni zaidi. Kwa hiyo kama wewe ni wa mwendo, weka ule mwanga ukutani kwenye theluthi mbili ya kimo cha taa badala ya nusu, utagusa ardhi mita 15, ila ujue hapo umekaribia macho ya watu na lazima uwe na kitufe cha kupunguza karibu na kidole. Mimi njia nisiyoijua naenda taratibu, kuinua taa naona sio jibu.

Ila usiinamishe mpaka mwanga uwe kwenye tairi la mbele, hilo nalo ni kosa na nimelifanya. Ukiwa na doa kali la mwanga miguuni, macho yako yanazoea ule ukali na kule mbele panakuwa peusi kabisa.

Sasa yule mzee, kilichompata ni hiki. Jicho likikaa gizani linajirekebisha polepole, mpaka lizoee giza sawasawa linachukua kama nusu saa, lakini mwanga mkali wa sekunde chache tu unaharibu kazi yote hiyo. Wewe unampita sekunde tatu na kwako imeisha, yeye anabaki na doa linaogelea machoni na hajui mtaro uko wapi. Na jinsi mnavyosogeleana ndo inazidi, akiwa mita 10 kutoka kwako anapata mwanga mara nne ya aliokuwa anapata mita 20. Ndo maana mtu anavumilia anavumilia alafu ghafla anaingia majanini. Mimi mwenyewe niliwahi kuvunjika mkono hivi hivi, nimetiwa kiwi na mwenye baiskeli mwenzangu, nikaingia mtaroni, na yule kijana hata hakujua, alishapita. Nadhani angejua angerudi.

Kuhusu hizo lumeni 10,000, lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa, na namba yako ni ya boksi tu. Hesabu ni rahisi. Hiyo betri yako bila shaka ni ile ya duara ndefu kuliko ya rimoti, inaitwa 18650, iliyo nzuri ina volti 3.7 na kama mAh 3000 (ndo akiba yake ya umeme, sawa na ampea 3 kwa saa moja), ukizidisha 3.7 kwa 3 unapata wati 11 kwa saa moja. LED nzuri inatoa lumeni 100 mpaka 150 kwa kila wati. Lumeni 10,000 zingehitaji wati 70 au zaidi, betri yako ingekufa kabla ya dakika 10 na taa isingeshikika kwa moto. Yako inadumu masaa mawili na nusu, maana yake inakula kama wati 4 na nusu, basi unapata lumeni 400 hivi, labda 600. Na hizo 400 zikielekezwa chini zinatosha kabisa njia ya giza totoro! Kwa hiyo hukosi mwanga ndugu yangu, unaumwaga tu pasipotakiwa. (Na ukikuta betri ya aina hiyo imeandikwa mAh 9900 iache hapo hapo dukani, hakuna 18650 yenye uwezo huo.)

Kuna kitu kimoja ukikipata kimbilia. Ujerumani taa ya mbele ya baiskeli inayotumika barabarani lazima iwe imepitishwa kisheria, na kioo chake kimetengenezwa kikate mwanga upande wa juu kama taa ya gari ikiwa imepunguzwa, mwanga wote unalala barabarani. Zina alama ya herufi K na mstari wa wimbi na namba, na ukali wake wanautaja kwa luksi, yani mwanga unaofika pale mahali, sio jumla ya unaotoka. Baiskeli za mtumba za Ulaya zinakuja nazo mara nyingine na mafundi wanazing'oa wanatupa kwa sababu zinaonekana za kizamani. Omba upewe.

Usipoipata, tengeneza kofia. Kata kipande cha plastiki nyeusi kwenye dumu bovu, kiwe kinachomoza mbele ya taa sentimita 3 au 4 upande wa juu tu, kifunge kwa mpira wa tyubu. Hakizuii lile doa la katikati, hilo unalishusha kwa kuinamisha, lakini ule mwanga unaosambaa juu unakatika. Kisigusane na kioo, taa zinapata moto. Na huo huo mpira wa tyubu zungushia usukani chini ya kibano cha taa, maana kwenye barabara mbovu taa inajiinua yenyewe kidogo kidogo na wewe huna habari.

SWALI
Habari yako mwanangu. Nina miaka 58, nawahi soko na baiskeli saa kumi na moja alfajiri, mboga nyuma. Zamani taa za wenzangu hazikunisumbua, siku hizi nikikutana na taa moja tu nashuka nasukuma. Ni macho yangu au ni hizi taa? (Mama wa Tabora)

JIBU
Shikamoo mama. Ni vyote viwili. Taa zimekuwa kali kweli, na nyingi zina mwanga mweupe wenye ubluu ambao usiku jicho linauona mkali zaidi. Lakini pia umri ukienda kioo cha ndani ya jicho kinaanza kuwa na ukungu kidogo, mwanga ukiingia unatawanyika badala ya kupita moja kwa moja, na kurudi hali ya kawaida kunachelewa kuliko kwa kijana. Nakuomba upite hospitali wakuangalie kama kuna mtoto wa jicho, unaanza hivyo hivyo, kusumbuliwa na taa usiku, na unatibika.

Njiani ukiona taa inakuja usiiangalie, hamisha macho ukingo wa kushoto wa barabara, pale lami inapoishia, ufuate huo ukingo. Jicho moja ukilifumba kabla hamjapishana, mkishapishana ukilifumbua litakuwa bado linaona gizani. Na kushuka kusukuma sio aibu mama, endelea, mradi uwe pembeni kabisa na nyuma ya tenga kuna taa nyekundu au hata riflekta, maana ukiwa umesimama ndo gari la nyuma linakuwa hatari kwako.

Na sema. Ita kwa sauti, "kijana, inamisha taa." Kwetu mtu ukimmulika usoni na tochi anakuuliza umeniona mwizi? Hata watoto wanajua ukikutana na mtu gizani tochi unaielekeza chini ndo mnasalimiana. Hawa vijana walilelewa hivyo hivyo, ila taa ikishafungwa kwenye baiskeli wanasahau kama ni tochi. Ukiwaambia wengi wanashtuka na wanaitikia vizuri.

SWALI
Fundi mambo, mi naweka taa ya mbele kwenye kupepesa, betri inakaa wiki na magari yananiona mapema. Mshikaji wangu anasema ni hatari, kweli? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU
Mchana weka, haina shida. Usiku mahali pana giza mshikaji wako yuko sahihi. Taa inayopepesa inasema kuna kitu, lakini haisemi kiko umbali gani wala kinakuja kwa kasi gani, dereva anayetaka kukata kona anashindwa kukukadiria. Wewe pia unaiona barabara vipande vipande, na shimo linaweza likaangukia kwenye kipande cha giza. Kwa mwenzako anayekuja inachosha macho kuliko taa iliyotulia, na kuna watu wenye kifafa ambao mwanga wa kupepesa haraka unaweza kuwaanzishia, huwezi kujua nani unapishana nae. Ujerumani huko huko wamekataza kabisa kwenye baiskeli.

Kama shida ni betri, weka mwanga mdogo uliotulia. Mjini kwenye taa za barabarani huhitaji kumulika, unahitaji kuonekana tu, lumeni 50 mpaka 100 zinatosha. Kupepesa kupeleke nyuma, taa nyekundu, taratibu, na isiwe kali kiasi cha kumchoma anayekufuata. Kama mnaenda kundi, wa mwisho tu ndo aipepeshe.

SWALI
Taa ya kuvaa kichwani je? Ni nafuu na naweza kuitumia nyumbani pia.

JIBU
Ya nyumbani na ya kuziba pancha ni nzuri sana. Barabarani hapana. Kila unayemwangalia unamchoma, na sisi binadamu mtu akija tunamwangalia usoni, huwezi kujizuia. Kama ndo unayo hiyo tu kwa sasa, ivue uifunge kwenye usukani na uiinamishe kama nilivoeleza juu.

SWALI
Fundi, baba ameniachia baiskeli yake ya Phoenix ina dainamo ya chupa, ile inayozungushwa na tairi kutoa umeme wa taa. Taa ya mbele iliungua, nikaendelea nayo, siku hiyo hiyo ya nyuma nayo ikafa. Nikaweka balbu ya LED ya volti 6 inatetemeka kama inakata roho. Niitupe? (Msomaji, Kasulu)

JIBU
Usiitupe! Hicho ni chombo kizuri mno, hakina betri ya kuchaji, na ile taa yake ya zamani haijawahi kumtupa mtu mtaroni.

Ya nyuma ilikufa kwa sababu dainamo inatoa volti 6 na wati 3, zimegawanywa, 2.4 mbele na 0.6 nyuma. Ya mbele ikiungua umeme wote unakimbilia ile ndogo ya nyuma na haiwezi kuuhimili. Kwa hiyo siku taa moja ikifa, simama uchomoe waya wa ile nyingine mpaka upate balbu. LED yako inatetemeka kwa vile umeme wa dainamo unageuka geuka, sio kama wa betri, ulizia LED iliyotengenezwa kwa ajili ya dainamo. Kuna zenye akiba kidogo ndani, ukisimama zinaendelea kuwaka dakika kadhaa, na ukisimama gizani ndo unazihitaji kweli.

Kabla hujanunua chochote kwangua rangi na kutu pale dainamo inapofungwa kwenye fremu, maana umeme unarudi kupitia fremu yenyewe, pakiwa na kutu taa inafifia unadhani balbu mbovu. Alafu angalia kile kichwa cha dainamo, mstari wake uelekee katikati ya ekseli, kikikaa upande kinakula tairi na mvua ikinyesha kinateleza. Mwisho kioo cha taa, kina michirizi ya kutawanya mwanga barabarani, mafundi wengi wanakirudisha kimepinduka. Washa mbele ya ukuta, ukiona mwanga umepanda juu kizungushe.