Acha hiyo visi ya buati ya direksio, lala chini ya gari kwanza

Weka hiyo turnevisi (bisibisi) chini. Sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma.

Umeandika mambo mengi: volan (usukani) ya HZJ80 yako, ile Land Cruiser, inacheza vidole vitatu kabla magurudumu hayajaitika, fundi wako wa Bukavu anataka kukaza visi ya juu ya buati ya direksio (sanduku la meno linalogeuza magurudumu), ikishindikana kuna mtu ana buati ya okazioni, iliyokwisha kutumika, ya dola 400, na Jumamosi unashuka Uvira kwa mteremko wa Ngomo pamoja na familia. Ukauliza na habari ya pine (tairi) na amortisa (shokomzoba). Lakini katikati hapo, kama mtu anayetaja mvua ya jana, umesema miezi 2 iliyopita walifungua mbele kubadilisha spi (sili za mpira) zilizokuwa zinavuja. Nilipofika hapo chai yangu ilipoa. Hiyo ni habari ya gari yangu kabisa, ila mimi nilikuwa nashuka Sake, karibu na Goma, na hakuna aliyenipigia kelele.

Kwenye 80, mkono unaogeuza gurudumu umefungwa chini ya kile kichwa cha mviringo kwenye ncha ya eksi (ekseli), gujo 4 (buloni zisizo na kichwa) kila upande. Kwenye kila gujo kuna rondeli (washa) ya koni yenye mpasuko ubavuni, halafu ekru (nati). Kazi yote iko kwenye koni. Ikizama vizuri katika tundu lake, mkono na kichwa vinakuwa chuma kimoja. Ukiifunga juu ya grisi na mchanga, unasikia ekru imekaza, kumbe imebana uchafu. Gari ikitembea uchafu unatoka, nafasi inabaki, na kila ukigeuza volan zile gujo zinasukumwa ubavuni mpaka zinakatika. Na mafundi wakibadilisha spi ya ndani kwa kawaida hufungua mkono huo! Kwa hiyo usiniulize kama buati imechoka. Niambie nani alifungua pale mara ya mwisho, na alifunga na nini.

Fundi wangu alifunga na kle (spana) na kipande cha bomba. Simtaji, tunaonana bado kwenye misa. Nilimuuliza kama ana kle ya kupimia nguvu. Akanyoosha mkono: "Huu ndio dinamometre yangu, muzee." Nikacheka. Nikamlipa na bia juu.

Hiyo ilikuwa 2019, nikichukua fromaji (jibini) Masisi na kuziuza Goma. Wiki ya tatu volan ikaanza kucheza. Nikarudi kwake, akapanda juu ya bampa, akalegeza ekru ya buati, akazungusha visi robo. Mchezo ukaisha! Nilimwona kama daktari. Lakini nikitoka kwenye kona volan ilikuwa hairudi yenyewe, lazima niivute. Akasema ndiyo vizuri, sasa imekuwa ya michezo. Baada ya siku 10 mchezo ukarudi, akazungusha tena robo. Ile visi inasogeza meno ya ndani ya buati yakaribiane, basi. Ukiikaza kwa kosa la mahali pengine unaua buati nzima, na yangu tuliiua.

Ndipo nikanunua buati ya okazioni Birere, hapo Goma, dola 380. Muuzaji aliapa kwa mama yake kwamba imetoka Dubai wiki hiyo. Labda ilitoka, sijui ilikwenda huko kufanya nini. Tukafunga, mchezo uko pale pale. Rotili 4 (viungo vya mpira vya fimbo za direksio), dola 140. Bado. Kazi ya mikono, dola 90. Binamu yangu, ambaye hajawahi kuwa na gari lakini ana maoni, akanitumia sauti kwenye WhatsApp: "80 zote ziko hivyo, ni gari ya zamani, zoea."

Nikazoea, jamani. Dola 610 zimetoka, na hakuna mtu hata mmoja, mimi wa kwanza, aliyelala chini kuangalia ekru.

Siku yenyewe nilikuwa nateremka kutoka Mushaki, mvua imekatika, fromaji zimejaa nyuma, konvuayeri (utingo) pembeni yangu. Kona ya kushoto, mlima uko kulia. Nikasikia "tok" moja, si kubwa, kama mtu amegonga mlango kwa kidole. Volan ikazunguka bure, nyepesi, kama ya gari ya watoto. Gari ikaendelea moja kwa moja ikapiga mlima. Ingekuwa kona ya mbele yake, upande huo ni bonde, na nisingekuwa hapa nakuandikia kwa hasira.

Mlango wa nyuma ulifunguka, fromaji zikashika mteremko. Mpaka leo Sake wananitania kwamba mzigo ulifika kabla yangu. Nacheka nao. Konvuayeri wangu, kijana wa miaka 22, alivunjika mfupa wa bega. Mama yake alipokuja hospitalini hakunitukana. Aliniangalia tu, akakaa. Afadhali angetukana.

Tulipotoa gurudumu tuliona: gujo mbili zilikuwa zimekatika zamani, kutu imeshika hadi kwenye kidonda chenyewe. Nyingine mbili zilikatika siku ile, chuma kinang'aa. Maana yake majuma mengi nilikuwa nashuka na gujo mbili. Ekru zote 4 zilikuwa zinaonekana, zimevaa tope, zimetulia kama waumini. Ekru kuwepo si dalili kwamba imeshika.

Sasa fanya hivi leo. Magurudumu yawe chini, gari isimame kwa uzito wake, usipandishe na kriki (jeki). Weka mawe nyuma ya pine, freni ya mkono juu, washa moteri ili direksio iwe na nguvu. Mtu akae kwenye volan, atikise kushoto kulia kidogo tu, haraka haraka, bila kugeuza sana. Wewe lala chini, uoshe tope kwanza. Fuata njia ya volan kutoka juu: kiungo cha bare ya volan, buati yenyewe na buloni zinazoishika kwenye shasi, mkono unaotoka kwenye buati, rotili moja moja. Kila mahali weka kidole juu ya maungio, nusu huku nusu kule. Macho hudanganywa na tope, kidole hakidanganyiki. Halafu nenda kwenye zile ekru 8. Ukisikia kidole kinachezwa pale mkono unapokutana na kichwa, au ukiona mstari wa unga wa kutu kuzunguka rondeli, zima gari. Hakuna kusema nafika garaji polepole. Fundi aje.

Na akija, asikaze tu! Hiyo ndiyo ujinga wa pili, kukaza ekru juu ya koni iliyolegea. Afungue, apige mkono kwa nyundo pembeni ya gujo mpaka koni ziruke, aoshe kila kitu kwa petroli mpaka pakauke. Atazame matundu: yakiwa ya yai, mkono huo umekufa. Gujo mpya, koni mpya, gundi ya nyuzi inayozuia ekru isilegee, na kle ya kupimia kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Asipokuwa nayo, aazime kwa jirani. Mimi nilinunua yangu, inalala chumbani, mke wangu anasema nimeoa mara ya pili. Ukimaliza piga mstari wa rangi kutoka ekru hadi kwenye chuma, ukatembee kidogo, urudi kuangalia kama mstari umevunjika. Gujo, koni na ekru za upande mmoja nilinunua chini ya dola 40. Linganisha na 610.

Ukikuta ekru zote ziko sawa, basi, Mungu akubariki, tafuta pengine. Bare ya Panhard, fimbo inayoshika eksi isihame, ikiwa silenbloku zake (mipira ya maungio) zimekwisha, eksi nzima inahama pembeni na wewe unadhani ni volan. Rulema (beringi) nazo: hapo ndipo unapandisha kriki, shika pine juu na chini, tikisa. Ikicheza, mtu akanyage freni. Mchezo ukiisha ni rulema ya gurudumu (utahitaji soketi ya 54, usikubali mtu apige ile ekru na patasi), ukibaki ni rulema za kichwa. Buati ni ya mwisho kabisa, ukishashika kila kitu kwa mkono wako.

Pine sikumbuki uliuliza nini, na amortisa hata sikusoma vizuri. Tutaongea ukiwa na gari inayogeuka. Yule wa buati ya dola 400 mwambie asubiri, haitaoza.

Ngomo iko pale pale Jumamosi ijayo. Piga picha ya zile ekru, pande zote mbili, zikiwa zimeoshwa, uzitume hapa leo kabla giza halijaingia.