Majani ya chini yana matundu: urea isiingie kwenye tangi

Ndugu wa Uyole, Mbeya, umeuliza kama utie mbolea ya urea au DAP (mbolea ya kupandia) kwenye tangi lako la samaki, kwa kuwa majani ya chini ya mimea iliyomo yana matundu. Hapana, urea usitie, hata nusu kijiko, na DAP ndiyo kabisa. Zote zinaleta amonia, na samaki watakuwa wanahema juu ya maji kabla mimea haijafaidi chochote.

Matundu madogo yenye kingo za njano kwenye majani ya zamani ni dalili ya upungufu wa potasiamu. (Lingekuwa jani changa limepauka huku mishipa imebaki kijani, tungeongea habari ya chuma.) Kwenye duka la pembejeo ulizia potasiamu naitreti, ile ya wakulima wa nyanya, mfuko umeandikwa 13-0-46. Wakupimie kidogo tu. Yeyusha gramu 30 kwenye nusu lita ya maji, andika lebo, weka mbali na watoto. Kwa tangi lako la lita 60, vuta mililita 10 kwa bomba la sindano, mara mbili kwa wiki. Kila dozi inaongeza kama miligramu 6 za naitreti na karibu 4 za potasiamu kwa lita. Badilisha theluthi ya maji kila wiki ili chumvi isijilimbikize.

Majani yaliyotoboka hayaponi, yakate. Angalia yanayochipua baada ya wiki mbili au tatu.

Taa ziwake kwa muda wa saa 7 hadi 8 kwa siku, zinatosha, zaidi ya hapo unafuga mwani. Na baridi ya Juni na Julai huko kwenu, kama huna hita, mimea inakua polepole: punguza dozi iwe nusu.