Muulize Shangazi: Kokteli ya lemonedi ya rangi tatu, na mengine ya msimu wa joto

Shikamoo Shangazi. Jua limekuwa kali na ndugu zangu hupenda kuja kwangu mchana. Natamani kuwaandalia kokteli ya lemonedi yenye rangi tatu katika glasi moja: nyekundu chini, njano katikati, buluu juu. Kila nikimimina, zinavurugana na glasi nzima inakuwa rangi ya matope. Barafu nayo ikianza kuyeyuka, ladha inapotea. Nimejaribu rangi za chupa. Zinapendeza machoni, lakini mdomoni ni sukari tupu. Nifanyeje?
*Mpenda Rangi*

Marahaba mwanangu. Hizo rangi za chupa ziweke kando kabisa. Matunda yana rangi za kutosha, tena kila rangi inakuja na harufu yake na ladha yake. Mgeni akiona nyekundu halafu asionje stroberi wala komamanga, umemnyima kitu alichokwisha kuahidiwa na macho yake.

Sasa tuje kwenye matope yako. Kinachotenganisha rangi ndani ya glasi ni uzito, na uzito unaletwa na sukari. Lita moja ya maji ina kilo moja. Lita moja ya shira iliyotengenezwa kwa sukari na maji vipimo sawa kwenye mizani inazidi kilo moja kwa gramu 200 na ushei. Kwa hiyo chenye sukari nyingi kinakaa chini, chenye sukari ya wastani kinakaa juu yake, na kisicho na sukari kinakaa juu kabisa. Bila shaka wewe umezitia rangi zako zote tatu utamu mmoja, ndiyo maana hakuna iliyokubali kukaa mahali pake.

Anza na shira, maana sukari haiyeyuki vizuri kwenye maji baridi. Utakoroga mpaka mkono uchoke na bado chembe zitabaki chini ya jagi. Pima sukari gramu 200 na maji mililita 200. Lakini kabla ya kuweka jikoni, menya ganda la njano la malimau matatu kwa kisu kikali, jembamba, bila ule utando mweupe wa ndani. Litie kwenye sukari kavu, ulifikiche kwa vidole, ufunike na kuacha kwa nusu saa hivi. Ukifunua utakuta sukari imelowa na inanukia limau kuliko limau lenyewe. Yale ni mafuta ya ganda yamevutwa na sukari. Hatua hii watu wengi huiruka, na mimi nakuomba usiiruke, kwa sababu juisi ya limau inatoa uchachu tu. Harufu iko kwenye ganda. Kisha mimina maji, pasha moto hadi chembe zipotee, epua mara moja, chuja, iache ipoe.

Malimau ya kukamua yasitoke moja kwa moja kwenye friji. Yaache yapoteze ubaridi, uyaviringishe mezani kwa kiganja huku ukigandamiza, ndipo ukate. Limau la kawaida hutoa kama vijiko vitatu vikubwa vya juisi, kwa hiyo matano au sita yatakupa kikombe. Kikombe kimoja cha juisi, kimoja cha shira, vitatu vya maji baridi: hiyo ndiyo lemonedi yako ya msingi. Iwe na utamu uliozidi kidogo ukiionja bila barafu, maana ubaridi huupunguza utamu mdomoni. Tia na chumvi, chembe chache tu za kushikwa kwa ncha za vidole. Hutaisikia chumvi, ila uchungu wowote uliojificha kwenye juisi utatulia.

Nyekundu ya chini ndiyo inayotakiwa iwe nzito kuliko zote. Chukua stroberi gramu 250 na sukari gramu 200, weka kwenye moto mdogo dakika kama kumi mpaka stroberi zitoe maji yake yote na kubaki zimepauka. Chuja bila kukamua, halafu tia kijiko cha juisi ya limau na uangalie: ile nyekundu iliyofifia motoni inachangamka palepale. Rangi ya stroberi, rasiberi, komamanga na forosadi hupenda uchachu; ndiyo sababu matunda haya na limau vinapatana sana.

Njano ya katikati ni lemonedi yenyewe ikichanganywa na tunda. Embe au nanasi, lolote kati ya hayo. Mimi nachagua nanasi, kwa kuwa juisi yake ni nyepesi na hupita kwenye chujio bila shida. Embe lina rangi nzuri zaidi, lakini lina nyama nyingi, na nyama hizo zisipochujwa huzama polepole na kuichafua nyekundu yako. Ukitaka embe, lisage kwenye blenda, lichuje mara mbili kwa chujio la matundu madogo, kisha koroga vijiko vitatu vikubwa kwa kila glasi ya lemonedi.

Buluu inawasumbua wengi kwa sababu matunda ya buluu halisi ni adimu. Hata bluberi ukiipondaponda inatoa zambarau, na ikikutana na limau inakuwa nyekundu. Buluu ya kweli inatoka kwenye ua. Kuna mmea mtambaaji ambao kitaalamu huitwa Clitoria ternatea. Maua yake hukaushwa na kunywewa kama chai. Kijiko kikubwa cha maua makavu kwenye kikombe cha maji ya moto, dakika tano hadi kumi, utapata buluu iliyokolea. Chuja, ipooze kabisa kwenye friji. Usitie sukari, usitie limau. Usipoyapata maua, chemsha majani machache ya kabichi la zambarau kwa muda mfupi. Nayo hubadilika rangi kwa uchachu vilevile, ila tumia kidogo ili harufu ya mboga isisikike.

Sasa kumimina, na hapa nakusihi usiwe na haraka. Glasi iwe ndefu na nyembamba. Mimina vijiko vitatu vikubwa vya nyekundu chini. Jaza barafu mpaka karibu na mdomo wa glasi, kwa kuwa barafu ndiyo inayovunja kasi ya kinywaji kinachofuata. Geuza kijiko, mgongo juu, ncha yake iguse ukuta wa glasi au kipande cha barafu, na umimine njano juu ya huo mgongo kwa mkondo mwembamba kama uzi. Ukifika robo tatu ya glasi, simama. Osha kijiko, kisha buluu kwa namna ileile.

Usiondoke hapo. Inama usawa wa glasi uangalie buluu inavyoshuka. Inateremka kwa nyuzinyuzi kati ya vipande vya barafu, na kila uzi unapogusa lemonedi unageuka zambarau, halafu waridi. Rangi ya ua lile ni ya buluu kwenye maji matupu, lakini uchachu wa limau huibadilisha. Kwa hiyo ulitaka rangi tatu na utapata nne, na ya nne inajitengeneza yenyewe mbele ya mgeni. Mpe mgeni glasi kabla hujaikoroga. Kukoroga ni haki yake.

Kuhusu barafu inayoharibu ladha, gandisha lemonedi yenyewe badala ya maji. Ikiyeyuka, inaongeza ladha. Vipande vikubwa huyeyuka taratibu kuliko vidogo. Ukipenda, weka ndani ya kila kipande jani la nanaa au kipande chembamba cha stroberi.

Shangazi, mimi sina muda wa kukamua. Nakata limau zima na kulitia kwenye blenda na maganda na mbegu. Siku hiyohiyo ni tamu, lakini kesho yake ni chungu kama dawa. Tatizo ni sukari kidogo?
*Mama wa Watatu*

Hapana mdogo wangu, sukari haihusiki, na ukiiongeza utapata kitu kitamu na kichungu kwa pamoja. Uchungu umo kwenye mbegu na ule utando mweupe, na blenda imevisaga vyote. Isitoshe, limau likishapondwa, uchungu wake huendelea kujitokeza kadiri saa zinavyopita. Ndiyo sababu leo huusikii na kesho unakukunja uso. Kama lazima utumie blenda, menya ganda la njano uliweke kando kwa ajili ya shira, ondoa utando mweupe na mbegu zote, saga kwa sekunde chache tu, uchuje papo hapo. Lakini ukweli ni kwamba kukamua malimau sita hakumalizi dakika kumi.

Jambo jingine, usiihifadhi juisi ya limau kwenye chombo cha aluminiamu. Tindikali yake hula chuma hicho na kinywaji kinachukua ladha ya chuma. Tumia glasi au chuma kisichoshika kutu.

Habari za kazi, Shangazi. Nusu ya wageni wangu hunywa kileo na nusu hawanywi. Je, nitie vodka kwenye jagi lote? Na naweza kuigandisha iwe barafu?
*Mwenyeji*

Salama kaka. Usitie kwenye jagi. Tengeneza kinywaji kimoja kisicho na kileo, kikamilifu, ambacho mtu yeyote atakinywa akafurahi, kisha anayetaka atiliwe kwenye glasi yake mwenyewe. Asiyekunywa asipewe kilichobaki wala kilichopunguzwa. Naye ni mgeni kama wenzake.

Vodka ya asilimia 40 ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo mahali pake ni juu. Changanya mililita 40 hivi na ile chai ya buluu kabla ya kumimina, na utaona tabaka la juu linakaa vizuri zaidi kuliko lilivyokuwa. Usitumie kileo chenye maziwa au krimu, kwa kuwa limau litayakata maziwa na utapata mabonge. Kuhusu kugandisha, vodka haigandi kwenye friza ya nyumbani, na ukiichanganya nyingi kwenye lemonedi utapata uji wa barafu badala ya vipande.

Utamu na matunda huficha ukali wa kileo, na mtu hujikuta amekunywa zaidi ya alivyodhani, hasa kwenye joto. Weka maji ya kunywa mezani, na glasi zenye kileo ziwe za umbo tofauti ili mtoto asibebe isiyo yake. Anayeendesha gari asiguse hata moja.

Shangazi, juzi nilikamua ndimu nyingi nje juani. Baada ya siku mbili mikono imetoka malengelenge na sasa kuna madoa meusi. Kuna anayesema ni mzio. Niache ndimu?
*Msichana wa Ndimu*

Pole sana mwanangu. Hili ningependa kila anayetengeneza vinywaji msimu huu alisome. Ndani ya ndimu, hasa kwenye ganda, mna kemikali ambazo zikibaki kwenye ngozi na kupigwa na jua huiunguza. Huhisi kitu wakati ule. Wekundu na malengelenge hutokea kesho yake au keshokutwa, kisha hubaki madoa meusi yanayoweza kudumu wiki au miezi. Unavyoeleza, inafanana na hilo kuliko mzio wa kawaida, lakini mwonyeshe daktari hiyo mikono, hasa kama malengelenge ni makubwa au yanauma. Usiyapasue, na uyafunike yasipigwe na jua.

Ndimu huna haja ya kuiacha. Kamua ndani, kisha osha mikono kwa sabuni na maji mpaka kwenye viwiko kabla ya kutoka nje. Watoto wakisaidia kukamua, waoshwe nao, pamoja na uso, maana wanajipangusa.

Naweza kutumia asali badala ya sukari? Na balungi badala ya limau?
*Msomaji wa Muda Mrefu*

Asali inafaa, ila ilegeze kwanza kwa maji ya moto kiasi sawa, na ujue itaififisha buluu. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe chochote chenye asali, hata tone. Balungi ni tamu na linapendeza kwa rangi yake ya waridi, lakini linagombana na baadhi ya dawa, zikiwemo dawa kadhaa za kolesteroli na shinikizo la damu, likazifanya ziwe na nguvu kupita kiasi mwilini. Usilitie kwenye jagi la watu wengi bila kuwaambia. Anayetumia dawa amuulize mfamasia wake.

Shangazi, nini kinaweza kuandaliwa usiku wa jana yake? Siku yenyewe nina mambo mengi.
*Mwenye Shughuli*

Shira zote, ya ganda la limau na ya stroberi. Zikiwa kwenye chupa safi iliyofungwa hukaa kwenye friji wiki nzima bila tatizo. Andika tarehe kwenye chupa. Chai ya buluu nayo pika usiku. Barafu ya lemonedi lazima iwe ya usiku, vinginevyo haitashika. Nanasi sage na kuchuja usiku, ulifunike vizuri. Juisi ya limau ya kinywaji chenyewe, mbali na ile ya barafu, ikamue asubuhi. Nanaa ichume au uitoe kwenye friji dakika ya mwisho, uipige mara moja kati ya viganja ili inukie, usiisage. Na kama utaongeza maji ya gesi badala ya maji ya kawaida, chupa ikae kwenye ubaridi mpaka wageni wawe wameketi, kwa kuwa yakipata joto gesi huondoka upesi. Yamimine kwenye jagi ukiwa tayari umeshika kijiko.